Tanga si ndiyo au hapana

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea nikiandika habari za hifadhidata, lugha za programu na simu za mkononi. Leo naandika habari za tanga. Msikimbie. Tukifika mwisho mtaona kwamba sijatoka kwenye hifadhidata hata hatua moja.

Kisa chenyewe ni hiki. Si muda mrefu uliopita ofisi moja (sitaitaja) iliniomba niiandikie programu ya kusajili vyombo vya uvuvi kwenye fukwe za upande wetu wa ziwa, pamoja na zile za Ghuba ya Karungu. Walinipa fomu ya karatasi niigeuze iwe fomu ya kompyuta. Ilikuwa na jina la mwenye chombo, ufuo, urefu wa chombo kwa mita, na aina na idadi ya nyavu. Halafu ikaja injini: ipo au haipo, kama ipo, kampuni gani, nguvu za farasi ngapi, namba gani, ilinunuliwa lini. Mwisho kabisa, chini pembeni, kulikuwa na mstari mmoja: "Tanga: ndiyo / hapana."

Nikauliza kama tunaweza kuongeza nafasi ya ukubwa wa tanga. Nikajibiwa kwamba hakuna anayeihitaji takwimu hiyo.

Sisi waandishi wa programu sehemu ya aina hiyo tunaiita buleani: ina thamani mbili tu, kweli au si kweli. Inafaa kwa maswali kama "amelipa?" au "ameoa?". Kwa tanga haifai, na hoja yangu leo ni kwamba kukosea hapo kunagharimu zaidi ya usafi wa hifadhidata. Injini ya nguvu 15 na ya nguvu 40 tunajua ni vitu viwili tofauti. Tanga la mita za mraba 8 na la mita za mraba 20 nayo ni mitambo miwili tofauti, na ndilo mtambo wa zamani zaidi ziwani. Anayeliandika kwa neno moja hajalisajili.

Tuanze mbali kidogo, kwa wenzetu wanaopima.

Huko Ulaya na Marekani kuna aina ya mashua za tanga zinazoundwa kwa kazi mbili: matembezi na mashindano. Jumamosi unalala ndani na familia, Jumapili unashindania kikombe. Mbunifu wake ana kazi ngumu, kwa sababu kila anachoongeza kwa ajili ya starehe kinapunguza mbio, na kila anachoongeza kwa ajili ya mbio kinapunguza usalama au starehe. Mfano ninaoupenda ni J/24. Mmarekani Rod Johnstone aliijenga ya kwanza kwenye gereji ya nyumbani kwake Stonington, Connecticut, katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1977 ikaanza kutengenezwa kiwandani, na tangu hapo zimetengenezwa zaidi ya 5,000.

Angalia jinsi mashua hiyo inavyoandikwa. Urefu mita 7.32. Urefu wa mstari wa maji, yaani sehemu inayogusa maji, mita 6.10. Upana mita 2.72. Uzito kilo 1,406, na kati ya hizo kilo 431 ni risasi iliyo chini kwenye mkuku. Hiyo ni farumi ya kudumu, karibu theluthi moja ya uzito wote. Kisha yanakuja matanga, nayo huandikwa kwa herufi nne tu: I, J, P na E.

I ni kimo cha pembetatu ya mbele, kutoka sitahani hadi pale tanga la mbele linapofungwa mlingotini. J ni kitako cha pembetatu hiyo, kutoka mlingotini hadi omo. P ni urefu wa tanga kuu kwenye mlingoti. E ni urefu wa tanga kuu kwenye boriti yake ya chini. Kwa J/24 I ni mita 8.00, J ni 2.90, P ni 8.53 na E ni 2.97. Zidisha kila jozi, gawa kwa mbili, jumlisha: unapata takriban mita za mraba 24.3.

Hivyo tu. Namba nne za herufi nne, na mshona matanga aliye upande wa pili wa dunia anaweza kukushonea tanga bila kuiona mashua yako. Kwa lugha yetu ya kazi, hiyo ni skima. Imekubaliwa, ni fupi, na kila mtu anaijaza kwa namna moja.

Faida ya namba ni kwamba zinazaa namba nyingine. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni uwiano wa tanga na uzito. Chukua eneo la tanga kwa mita za mraba. Chukua uzito wa chombo kama ujazo wa maji kinayoyasukuma (kwenye maji ya ziwa tani moja ni mita moja ya ujazo), tafuta kipeuo cha tatu cha ujazo huo, kisha mraba wake. Gawa. Kwa J/24 jibu ni kama 19. Kwa kawaida mashua nzito za safari huwa karibu na 15 au chini yake, na zinazovuka 20 ni za mbio hasa. Ukiiona namba hiyo peke yake unaijua tabia ya chombo kabla hujakipanda.

Ya pili ni kasi ya ukomo. Chombo kinachosukuma maji hujitengenezea wimbi lake, na kasi yake hufungwa na urefu wa mstari wa maji. Kanuni ya mkono ni 2.43 mara kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, na jibu linakuja kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. J/24 inapata noti 6.

Ya tatu ni hatari ya kupinduka, na hii ina historia chungu. Kuanzia miaka ya 1970 mashindano makubwa ya baharini yalitumia kanuni ya upimaji iliyoitwa IOR. Ilipima chombo sehemu fulani fulani, ikatoa namba, na namba hiyo ndiyo iliyompa kila mmoja muda wa fidia. Wabunifu nao ni watu. Wakaanza kuijengea kanuni badala ya kulijengea bahari. Walitia vinundu pale tu utepe wa kupimia ulipopita, wakabana tezi mpaka ikawa kama mkia wa samaki, wakapata vyombo vilivyosoma vizuri kwenye karatasi na kuyumba vibaya upepo ukitoka nyuma. Kila aliyewahi kuona waandishi wa programu wakilipwa kwa idadi ya mistari ya kodi ataelewa.

Agosti 1979 mashua 303 zilianza mashindano ya Fastnet, kutoka Uingereza kwenda kuuzunguka mwamba wa Fastnet ulio kusini mwa Ireland. Dhoruba ikazikuta njiani. Washiriki 15 walikufa. Baada ya msiba huo wataalamu walikaa wakauliza swali ambalo skima yao haikuwa nalo: chombo hiki kikipinduliwa, kitarudi? Moja ya matokeo ni kanuni nyepesi ya kuchuja: upana gawanya kwa kipeuo cha tatu cha ujazo wa uzito. Ikizidi 2, fikiri mara mbili kabla ya kwenda bahari kuu. J/24 inapata kama 2.4. Ni mashua nzuri ya pwani na ghuba, ila bahari kuu siyo mahali pake, na mwenye nayo anaweza kulijua hilo akiwa nyumbani na kalamu.

Ninachotaka ukikumbuke hapo ni hiki: sehemu mpya iliongezwa kwenye skima baada ya watu kufa.

Sasa turudi nyumbani.

Ghuba ya Karungu iko Nyatike, kaunti ya Migori, na mji wake ni Sori. Kaskazini unaingia maji ya Homa Bay, kuelekea Mfangano na Rusinga. Kusini uko Muhuru Bay, kisha mpaka wa Tanzania. Mashua za huku ni za ukoo wa Ssese, jina la visiwa vya Uganda. Ni ndefu, nyembamba, za mbao, na nyingi zimechongoka omo na tezi. Zenye tezi bapa hutengenezwa ili zifungwe injini. Tanga ni la pembe tatu juu ya foromali, mtindo uliotoka pwani pamoja na wafanyabiashara wa karne ya 19. Mwaka 1877 tayari mfanyabiashara Songoro alikuwa akijenga jahazi Ukerewe.

Nikisema mashua ya Karungu ni ya kazi mbili, sitanii. Inabeba nyavu, watu, barafu na samaki, na papo hapo iko mashindanoni kila siku. Mbuta anayefika ufuoni mapema ana bei. Anayefika mnunuzi akiwa amekwisha kuondoka na gari lake la barafu ana hasara. Tofauti ni kwamba J/24 ikishindwa inakosa kikombe.

Na kwa kipimo kimoja mashua yetu inaishinda. Chombo chenye mstari wa maji wa mita 8 kina kasi ya ukomo ya karibu noti 7. Urefu na wembamba vinalipa. Wazee waliochonga umbo hilo hawakuwa na kipeuo cha pili, walikuwa na macho na ziwa.

Lakini I, J, P na E hazituingii. Hatuna tanga la mbele, kwa hiyo I na J ni sifuri. Tanga letu halikai kwenye mlingoti bali kwenye foromali, kwa hiyo P haipo. Na sababu ya tofauti hiyo ni upepo wenyewe. Skima ya wenzetu ilikua pamoja na mashua za kubisha, yaani kwenda upande ule ule upepo unakotoka kwa kukata kushoto na kulia. Ziwani upepo una ratiba. Usiku na alfajiri nchi kavu inapoa kuliko maji, upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana nchi kavu inapata moto, upepo unageuka na kuja ufuoni. Kwa Karungu, iliyo upande wa mashariki wa ziwa, anayetoka alfajiri na kurudi alasiri anasukumwa mgongoni kwenda na kurudi. Tanga kubwa moja, mlingoti mfupi, mkuku usio na risasi: kwa kazi hiyo ni ubunifu sahihi kabisa.

Ratiba hiyo hiyo inaeleza kwa nini mvuvi wa omena analalamikia petroli kuliko wote. Yeye anatoka jioni na taa zake na kurudi asubuhi. Upepo anaukuta usoni mara mbili. Tena ni usiku na kuelekea alfajiri ambapo ngurumo na dhoruba hujijenga juu ya ziwa. Ofisa anayeandika "Tanga: ndiyo" kwa wavuvi hao wawili hajaona tofauti yoyote kati yao.

Basi tunahitaji skima yetu. Napendekeza namba saba, zote zinapimika na watu wawili wenye utepe kwa muda wa robo saa:

1. Upande wa tanga uliofungwa kwenye foromali.
2. Upande wa nyuma, kutoka ncha ya juu ya foromali hadi pembe ya demani.
3. Upande wa chini, kutoka goshi hadi demani.
4. Kimo cha katikati ya tanga kutoka majini, likiwa limepandishwa.
5. Urefu wa mstari wa maji.
6. Upana wa chombo mahali penye upana mkubwa.
7. Uzito wa chombo kitupu, kwa makadirio ya fundi.

Ukiwa na pande tatu za pembetatu huhitaji kimo chake. Jumlisha pande, gawa kwa mbili, iite s. Eneo ni kipeuo cha pili cha s × (s−a) × (s−b) × (s−c). Ni kanuni ya Heron wa Aleksandria, ina karibu miaka 2,000, na inaingia kwenye simu yoyote yenye kikokotoo.

Tuseme pande ni mita 7, 6 na 5. Hii ni mashua ya mfano, wala siyo ya mtu. s ni 9. Eneo ni kipeuo cha pili cha 9 × 2 × 3 × 4, yaani kipeuo cha 216, yaani mita za mraba 14.7.

Tuseme chombo kitupu pamoja na watu wanne na nyavu ni tani 1. Uwiano wa tanga na uzito ni 14.7. Ongeza tani 1 ya mzigo: unashuka hadi kama 9.3. Tanga ni lile lile, mashua ni ile ile, lakini ni vyombo viwili. J/24 hainywei tabia namna hiyo, kwa sababu farumi yake imefungwa kwa bolti. Yetu farumi ni watu na samaki. Inaenda nyepesi, inarudi nzito, na wakati ni nyepesi ndipo tanga lake ni kubwa mno.

Hapa sasa nikuletee fundi. Ufuoni Sori nilimwuliza mzee mmoja anayeunda mashua:

"Mzee, tanga hili ni kubwa kiasi gani?"

"Hilo ni la watu wanne, mwanangu."

Nikadhani hajanielewa. Nikauliza tena, mita ngapi. Akanitazama kwa huruma.

"Nimekwambia. Wanne. Wakiwa wawili, wachukue lile dogo."

Niliporudi kwenye kompyuta nilikaa na jibu hilo. Tufanye hesabu ya mkono kwa mashua yetu ya mfano, upepo ukitoka ubavuni. Upepo wa noti 10 unalisukuma tanga la mita za mraba 14.7 kwa nguvu ya kama kilo 24. Tuweke katikati ya tanga mita 3 juu ya maji: kani ya kupindua ni 24 × 3, karibu 71 ukifuata desimali. Watu wanne wa kilo 70, wakikaa ukingoni sentimita 70 kutoka katikati, wanarudisha 280 × 0.7, yaani 196. Wako salama. Lakini nguvu ya upepo hukua kwa mraba: upepo ukifika noti 20, kani inakuwa mara nne, karibu 285. Watu wanne hawatoshi tena. Mizani inalingana kati ya noti 16 na 17. Wakiwa watu wawili, inalingana karibu na noti 11 au 12.

Nimeacha nje msaada wa umbo la chombo chenyewe, kwa hiyo msizifanye sheria. Lakini mnaona alichokuwa akisema mzee. Kipimo chake hakikuwa cha eneo. Kilikuwa uwiano wa tanga na farumi, yaani suala lile lile la kupinduka ambalo wenzetu walilikalia vikao baada ya Fastnet. "Tanga la watu wanne" ni takwimu kamili. Fomu yetu ndiyo iliyoipokea na kuandika "ndiyo".

Kuna watakaoniambia: tanga linakufa, injini ndiyo mbele. Siyo kila mahali, na hata mwenye injini anabeba tanga kwa siku injini itakapozima. Tena fanya hesabu. Injini ya nguvu 15 ikikazwa hunywa kama lita 6 kwa saa. Septemba 2023 petroli Kenya ilivuka shilingi 200 kwa lita. Kwa bei hiyo, saa moja kwenda na saa moja kurudi zilikuwa shilingi 2,400 kabla hujavua samaki hata mmoja. Mtu anayeshauri wavuvi wanunue injini bila kujua eneo la matanga yao anauza, hashauri.

Wengine watasema: fundi anajua kwa macho, msimletee utepe. Nakubali anajua. Ndiyo maana nataka yaandikwe anayoyajua. Mwaka 1875 Stanley alizunguka ziwa hili kwa siku 57 na boti yake, Lady Alice, akipita ufuo huu wa mashariki. Tunajua boti ile ilikuwa futi 40 kwa 6, ya mbao za mwerezi, ya vipande vitano, na ubao wake ulikuwa na unene wa robo tatu ya nusu inchi. Chombo kilichopita hapa mara moja karibu miaka 150 iliyopita kinajulikana hadi unene wa ubao. Chombo kilichotoka Sori asubuhi hii kinajulikana kwa "ndiyo". Mafundi wanazeeka, na mtoto wa fundi siku hizi anaendesha bodaboda.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na nimelisikia ufuoni kwa sauti ya chini: mkishapima tanga mtalitoza kodi. Hofu hiyo ina msingi. Kila mara serikali inapohesabu kitu, mwenye kitu hukunja uso. Jibu langu ni la mtu wa programu: amua mapema data ni ya nani. Tangu 2007 tuna kanuni zinazovipa vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, nafasi ya kisheria. Vipimo vikae kwenye daftari na simu ya BMU, mwenye chombo awe na nakala yake, na kinachotoka kwenda juu kiwe jumla bila majina. Hilo linawezekana kiufundi leo, bila mashine ya bei kubwa. Kinachotakiwa ni kuliandika ndani ya makubaliano kabla ya mstari wa kwanza wa kodi.

Na faida? Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria, wengi wao kwa hali ya hewa na vyombo kupinduka. Kuanzia 2017 hadi 2021 mradi wa HIGHWAY uliziunganisha idara za hali ya hewa za nchi za ziwa, utabiri kwa ajili ya wavuvi ukaboreshwa na kufika redioni kwa lugha za watu. Ni kazi nzuri mno. Lakini utabiri unasema upepo utakuwaje. Hausemi upepo huo ni nini kwa tanga lako. Noti 18 kwa mashua iliyobeba tani moja yenye tanga dogo ni safari ya kawaida. Kwa watu wawili wenye chombo kitupu na tanga la watu wanne, ni msiba. Nusu ya jibu inatoka mbinguni kwa setilaiti, na tumelipia. Nusu nyingine iko mchangani, imekunjwa kwenye foromali, na kuipata ni bei ya utepe wa kupimia.

Programu ya kuunganisha nusu hizo mbili mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuiandika kwa wiki moja. Ujumbe mfupi kwenye simu ya kabambe: tanga lako, watu wako, upepo wa usiku huu, chukua lile dogo. Sisemi simu imfundishe nahodha kazi. Nahodha atabaki nahodha, na akiona wingu jeusi Mfangano hatasubiri ujumbe. Lakini yule kijana wa miaka 19 aliyeajiriwa jana, ambaye hakumpata mzee wa kumwambia "hilo ni la watu wanne", naye anastahili kuambiwa na mtu.

Kwa ofisi ile niliandika programu waliyoitaka, buleani na yote. Ila kwenye hifadhidata niliacha safu saba tupu baada ya ile ya tanga, zenye majina ya Kiswahili, zikisubiri. Siyo lazima zijazwe na ofisi. Ukiwa na mjomba au kaka ufuoni, iwe Karungu, Mbita, Musoma au Bukoba, chukua utepe na mtu wa kushika ncha ya pili. Anzeni na pande tatu. Na kabla hamjapima, mwulizeni fundi tanga hilo ni la watu wangapi, mwandike na jibu lake.